Kushusha pikapu bila kuumiza mgongo: fizikia iliyojificha kwenye matuta

Kama umewahi kupanda nyuma ya pikapu, nadhani hili unalijua hata kama hujawahi kulifikiria. Ikiwa tupu inakurusha kama mahindi kwenye ungo. Ikipakiwa mifuko ya saruji inatulia, inapita kwenye mashimo yale yale kama vile barabara imetengenezwa jana. Gari ni lile lile, springi ni zile zile, dereva ni yule yule. Kilichoongezeka ni mzigo tu. Ila ukichungulia vizuri kuna kingine kimebadilika: gari limeshuka.

Yaani pikapu inaweza kuwa chini na wakati huo huo ikawa laini zaidi. Sasa kwa nini nyingi zinazoshushwa gereji zinatoka zikiwa kama mkokoteni?

Swali hili lilinifikia kwa njia ya malalamiko. Binamu yangu ana pikapu ya zamani ya Kijapani, ile ya kazi, anasambazia magodoro kati ya Dar na Kibaha. Akaona za wenzake zilivyokaa chini, akaipenda hiyo staili, akaipeleka kwa fundi. Asubuhi ikaingia, jioni ikatoka imelala kweli kweli. Kesho yake akanipigia: “Dogo, we si ndo umesomea haya mambo? Njoo uone. Kila tuta ni gubu! Mgongo umekwisha.”

Nilienda nikiwa na futi na kikokotoo. Tuanze na kikokotoo.

Kila gari lina mdundo wake

Chukua jiwe, lifunge kwenye mpira wa manati, livute kidogo uachie. Litapanda na kushuka kwa mdundo wake lenyewe, na huwezi kuulazimisha uwe mwingine bila kubadilisha jiwe au mpira. Gari likiwa juu ya springi ni hivyo hivyo. Springi ikiwa ngumu, mdundo unakuwa wa haraka. Mzigo ukiwa mkubwa, mdundo unakuwa wa polepole.

Kuna njia rahisi ajabu ya kuupata mdundo huo bila kujua ugumu wa springi wala uzito wa gari. Unachohitaji ni kujua springi imebonyea sentimita ngapi kwa kubeba gari lililosimama tu. Tafuta kipeuo cha pili cha namba hiyo, kisha gawanya 5 kwa jibu ulilopata. Basi. Springi iliyobonyea sentimita 25 inacheza mara 1 kwa sekunde. Iliyobonyea sentimita 10 inacheza kama mara 1.6. Iliyobonyea sentimita 5 inacheza mara 2.2. (Hiyo 5 haikutoka hewani: ni kipeuo cha pili cha mvutano wa dunia kikigawanywa kwa mara mbili ya pai, ukiwa umepima kwa sentimita. Jaribu mwenyewe utaona inatoka 4.98.)

Kwa nini tunajali? Kwa sababu mwili wako nao una midundo unayoipenda na usiyoipenda. Ukitembea, unapiga hatua kama 2 kwa sekunde, na umeshazoea kuyumba juu na chini kwa kasi hiyo tangu utotoni. Lakini mitikisiko ya juu na chini ya kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde ndiyo inayotuumiza zaidi, kwa sababu hapo tumbo, uti wa mgongo na viungo vya ndani vinaanza kucheza navyo. Gari dogo la abiria huwa linatengenezwa lidunde karibu na 1 hadi 1.5. Pikapu haina anasa hiyo.

Tuone kwa nini. Sema sehemu ya nyuma ya pikapu tupu, bila kuhesabu ekseli na matairi, ina uzito wa kilo 500, na springi zake zimebonyea sentimita 5. Mdundo ni 2.2. Sasa pakia tani moja juu ya ekseli hiyo. Uzito umekuwa kilo 1,500, mara tatu ya mwanzo, kwa hiyo springi inabonyea sentimita 15. Mdundo unashuka hadi 1.3, sawa na gari la abiria. Hiyo ndiyo siri ya mifuko ya saruji. Pikapu haikutengenezwa vibaya, ilitengenezwa kwa ajili ya mzigo ambao leo hukuupakia.

Kosa haliko pale wengi wanapolitafuta

Ukiuliza mtaani kwa nini gari lililokatwa springi linagonga, utajibiwa kwamba springi imekuwa ngumu. Ni kweli, ila ni kweli nusu. Springi ya duara yenye mizunguko 8 inayofanya kazi, ukikata 2, ugumu unapanda kwa theluthi moja. Inasikika kama jambo kubwa. Lakini mdundo unafuata kipeuo cha pili cha ugumu, kwa hiyo unapanda asilimia 15 tu, tuseme kutoka 1.6 hadi 1.8. Hilo peke yake lisingemfanya mtu apige simu usiku.

Na pikapu ya binamu yangu ilinipa ushahidi mzuri zaidi, maana mbele haina springi za duara kabisa. Ina fito mbili ndefu za chuma zinazopita chini ya sakafu, na gurudumu likipanda, fito inasokotwa. Pikapu nyingi za Kijapani za miaka ya 1980 na 1990 ziko hivyo. Kwenye ncha ya kila fito kuna bolti: ukiilegeza, pua ya gari inashuka. Fundi alilegeza bolti mbili, kazi ya dakika chache. Sasa angalia: fito haikukatwa, haikuchomwa, urefu na unene wake ni ule ule. Ugumu wake haujabadilika hata kidogo. Na bado gari linagonga.

Kwa hiyo mchawi si ugumu. Mchawi ni nafasi.

Kati ya mkono unaoshika gurudumu na chasisi kuna kipande cha mpira kilichowekwa kupokea kishindo cha mwisho, pale springi inapoishiwa nafasi ya kubonyea. Tukiite stopa. Umbali kutoka pale gari linapokaa hadi stopa iguswe ndiyo nafasi ya kuchezea. Kwenye pikapu yake, kwa vipimo vyangu vya futi, mbele palikuwa pamebaki sentimita 3. Kabla ya kushushwa palikuwa na 8.

Hebu tupige hesabu ya tuta. Gurudumu linapopanda tuta, gari na gurudumu vinakaribiana kwa kasi fulani. Springi inatakiwa kuimaliza kasi hiyo kabla stopa haijaguswa. Tukiweka shokapu pembeni kwanza, springi yenye mdundo wa 1.6 na nafasi ya sentimita 8 inaweza kumeza kasi ya karibu sentimita 80 kwa sekunde. Ikibaki na sentimita 3, inameza 30 tu. Kinachozidi hapo kinamezwa na stopa, na stopa ngumu haimezi, inakurudishia. Hiyo ndiyo gubu.

Sasa kuna ushauri unaotolewa sana: “Ikigonga, weka springi ngumu.” Ngumu kiasi gani? Ili springi imeze kasi ile ile ya mwanzo ndani ya sentimita 3 badala ya 8, inabidi iwe ngumu mara 7. Mdundo wake utakuwa mara 4.2 kwa sekunde. Rudi juu kidogo usome tena ni mitikisiko ipi inayouumiza mwili wa binadamu. Umelikimbia tuta moja, ukauhamishia mgongo adhabu ya safari nzima.

(Kuhusu kuchoma springi kwa gesi ili ilegee na kujikunja yenyewe: usiruhusu. Chuma cha springi kimepewa uwezo wake wa kurudi kwa kupashwa moto na kupozwa kwa vipimo maalumu kiwandani. Ukikichoma tena kwa kukadiria kwa macho, unapata kipande ambacho upande mmoja ni springi na upande wa pili ni nondo tu. Kitaendelea kulala, au siku moja kitakatika. Na iliyokatwa vibaya inaweza isikae sawasawa kwenye kikombe chake, ikachomoka gurudumu likining’inia.)

Shusha gari, springi iache

Hamu ya kushusha magari ni ya zamani. California waliweka sheria, iliyoanza kutumika mwaka 1958, kwamba sehemu ya gari lililofanyiwa mabadiliko isiwe chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Kijana mmoja wa huko, Ron Aguirre, akajibu kwa kufunga pampu na mitungi ya haidroliki kwenye Corvette yake: anashusha akitaka kuringa, anapandisha akitaka kuwa halali. Na huko huko Marekani pikapu za Chevrolet za kuanzia mwaka 1960 zikaja kuwa kipenzi cha washushaji, kwa sababu nyuma nyingi zilikuwa na springi za duara na mikono mirefu badala ya mabamba, yaani zilikuwa na ulaini wa kuanzia. Kutokana na uzoefu wa miaka mingi wa watu hawa kuna mbinu moja kuu unayoweza kuiiba: usiifupishe springi, hamisha gurudumu.

Mbele, hii inafanyika kwa kubadilisha stabu ekseli, kile chuma kinachobeba habu ya gurudumu kati ya mkono wa juu na wa chini. Zipo zinazotengenezwa zikiwa na ncha ya gurudumu iliyopandishwa sentimita 5 hivi. Mikono inabaki kwenye pembe ile ile ya kiwandani, springi au fito inabaki kama ilivyo, stopa iko mbali kama zamani. Gurudumu tu ndilo limepanda, kwa hiyo gari limeshuka. Kama ukingo wa bodi haugusi tairi, nafasi yako yote ya kuchezea ipo. Kwangu hii ndiyo njia bora kuliko zote, na ndiyo maana haifanyiki jioni moja: lazima uipate ya gari lako hasa. Kuichomelea mwenyewe ni kucheza na maisha, kwa sababu kipande hicho ndicho kinachobeba usukani na breki.

Nyuma, pikapu nyingi zina springi za mabamba, yale ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Ingia uvunguni uangalie. Kama ekseli iko chini ya mabamba, inaweza kuhamishiwa juu yake, na gari litashuka kwa unene wa ekseli pamoja na mabamba. Kama tayari iko juu, kinawekwa kitofali cha chuma kati ya ekseli na mabamba. Kwa vyovyote vile springi yenyewe haiguswi, kwa hiyo mdundo haubadiliki. Ila usisherehekee bado: ekseli imesogea karibu na chasisi, na nafasi imeliwa kule kule. Wanaofanya kazi hii vizuri hukata chasisi umbo la nusu duara juu ya ekseli, kisha hufunga bamba nene la kuimarisha pale palipokatwa. Anayekata bila kuimarisha amekudanganya. Pia ukihamisha ekseli, pembe ya propela inabadilika, na krosi zitaanza kulia usipoirekebisha.

Kisha shokapu. Ya urefu wa zamani kwenye gari lililoshushwa inaweza kufika mwisho wa mwendo wake kabla hata ya stopa, na ikifika hapo inakufa haraka. Tafuta fupi zaidi, yenye nguvu inayoendana na springi uliyonayo. Na stopa yenyewe inaweza kubadilishwa: badala ya kipande kifupi kigumu, weka ile ndefu ya povu linaloanza laini na kukaza kadiri linavyobanwa. Inaguswa mapema zaidi, lakini kwa upole. Ni kifaa cha bei ndogo ambacho wengi hawakitaji kabisa.

Tairi nyembamba za rimu kubwa, mimi ningeziacha. Upepo ulio ndani ya tairi ni springi ya kwanza ya gari lako, na ukishapunguza springi ya pili huna sababu ya kuitupa ya kwanza pia.

Unalipa kwa mzigo

Hadi hapa tumeulinda ulaini tuliokuwa nao. Je, tunaweza kuuongeza? Ndiyo, ila kuna bei.

Kwanza pima. Pikapu ikiwa tupu, pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi. Pakia mifuko 4 ya saruji ya kilo 50 juu kabisa ya ekseli, pima tena. Tuseme imeshuka sentimita 2. Kilo 200 kwa sentimita 2, basi kilo 500 za sehemu ya nyuma zinabonyeza sentimita 5, na mdundo ni ule tuliouona, 2.2.

Kama springi ina mabamba 5 yanayolingana, ukitoa moja ugumu unapungua kwa sehemu moja ya tano. Sasa itabonyea sentimita 6.25 na mdundo utakuwa 2.0 kamili. Gari limeshuka kidogo zaidi, na limekuwa laini. Lakini nguvu ya kubeba nayo imepungua kwa sehemu hiyo hiyo ya tano. Mabamba yaliyokuwa yanabeba kilo 1,500, yaani bodi 500 na mzigo 1,000, sasa yanabeba 1,200. Bodi haijapungua. Kwa hiyo mzigo uliobaki ni kilo 700. Umetoa tano ya springi, umepoteza karibu theluthi ya mzigo. Kwa anayebeba mchanga huo ni wazimu. Kwa anayebeba magodoro, si neno.

Kabla hata ya kutoa bamba, yafungue uyasafishe. Mabamba yenye kutu yanashikana, na springi iliyoshikana haichezi kwenye mashimo madogo, inayapitisha yote hadi kwenye kiti. Kuna pikapu ambazo ugonjwa wao wote ni kutu.

Ukigusa upande mmoja, kumbuka wa pili. Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce kwenda kufanya kazi Cadillac, alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba mbele inatakiwa idunde polepole kuliko nyuma. Sababu yake ni nzuri: tuta linaguswa na mbele kwanza. Nyuma inachelewa kuanza, kwa hiyo ikiwa na mdundo wa haraka kidogo inaikuta mbele njiani, na gari linapanda na kushuka likiwa bapa badala ya kutikisa kichwa kama anayesinzia.

Hili la breki usiliruke

Niliacha jambo moja kwenye hadithi ya binamu yangu. Wiki moja baada ya kushusha, mvua ilinyesha, akiwa anarudi bila mzigo. Mbele yake bodaboda akasimama ghafla. Alikanyaga breki, nyuma ya pikapu ikamwendea pembeni, ikasimama imekaa mshazari katikati ya barabara. Hakuumia mtu. Yeye alilaumu tairi.

Tairi hazikuwa na kosa. Pikapu nyingi zina vali ya breki za nyuma iliyofungwa kwenye chasisi, ikiwa na mkono mwembamba unaofika kwenye ekseli. Kazi yake ni kusoma mzigo. Nyuma ikiwa juu, vali inajua gari ni tupu, inapunguza nguvu ya breki za nyuma ili matairi yasijifunge. Nyuma ikiwa imeshuka, vali inaelewa kwamba kuna mzigo, inaachia nguvu yote. Sasa shusha gari kwa vitofali vya sentimita 7 halafu endesha tupu. Vali inaamini umebeba tani. Ukikanyaga breki, matairi ya nyuma yanajifunga kabla ya mbele, na gari lililofunga nyuma kwanza linataka kugeuka lenyewe.

Tulilala uvunguni tukauona mkono ule umekunjwa hadi mwisho. Hakuna aliyekuwa ameugusa. Kuurekebisha ni suala la kusogeza kishikio chake kwa kiasi kile kile ambacho ekseli imepanda, kisha kupima presha ya breki mbele na nyuma kwa fundi mwenye geji. Kama huyo humpati, usishushe nyuma.

Mbele tulirudisha bolti hadi nafasi ya kuchezea ikafika sentimita 6, tukaweka stopa za povu, tukafanya alaimenti upya kwa sababu matairi yalikuwa yameanza kulika upande wa ndani. Nyuma vitofali vimepungua hadi sentimita 4, bamba moja limetoka, mengine yamesafishwa. Stabu ekseli bado anazitafuta. Pikapu yake sasa iko juu kidogo kuliko alivyotaka, na kila nikipanda ananikumbusha. Juzi shemeji yake aliomba imbebee tofali za kujengea ukuta. Akamwambia akodi Canter.